Picha Isiyo na Vichwa
Sehemu ya Saba: Mkasi wa Baba Mkubwa

Najua mlinilaani. Wiki nzima watu wazima na akili zao wamenisimamisha njiani kuniuliza kwa nini nilifunga hadithi mkasi ukiwa juu ya kaunta na jibu likiwa bado mdomoni. Basi tulieni, turudi dukani, maana mkasi haujaondoka.

Aliyeuleta ni Baba Mkubwa, mwenyekiti wa ukumbi wa mtaa, mtu ambaye hata kikohozi chake kina mamlaka. Aliyesimama nyuma ya kaunta ni binti wa marehemu mdogo wake, mwenye studio ya picha, anayeitwa na mtaa mzima Dada Mikono.

Jina hilo hakujipa. Akizunguka mjini na kamera ya marehemu baba yake, hapigi sura. Anapiga mikono. Mume anamfunga mkewe kamba ya kiatu kwenye ngazi za benki. Binti anamfuta mchumba wake jasho shingoni kwenye foleni ya umeme. Wapenzi wawili wamesimama mvuani, mwavuli umemwinamia mmoja, na bega la mwenzake limelowa chepechepe. Mapenzi ya watu waliochoka, yasiyopiga kelele.

Na ana utaratibu wake. Akishapiga, huwafuata wenyewe. Wakikubali, wanatia sahihi mbili nyuma ya picha, ya huyu na ya mwenzake. Wakiwa wamekwisha kutoweka, picha inakaa kwenye kioo cha duka siku saba, na kikaratasi chini yake: “Kama mikono hii ni yenu, ingieni.” Asipoingia mtu, inachanwa.

Mojawapo ya picha hizo Baba Mkubwa alikuwa ameibandua kiooni mwenyewe. Aliitupa juu ya kaunta, akaweka mkasi kando yake.

“Mkono huu ni wa nani?”

Dada Mikono aliitazama. Aliipiga Jumanne, kwa lenzi ndefu, kutoka ng’ambo ya barabara. Benchi la mbele ya posta. Mikono ya mwanamume imeinua sindano kwenye mwanga, inatia uzi. Kwenye ukosi wa koti lake zimechomekwa sindano nyingine sita, zote zimeshatiwa uzi, zimepangwa mstari. Na mkono wa mwanamke umelala juu ya goti la mwanamume huyo, umetulia tuli.

“Sijui,” alisema, na hakuwa anadanganya.

“Tazama kiwiko.”

Akatazama kiwiko. Kwenye mkono wa koti la yule mwanamke palikuwa na mshono uliokwenda upande, ukarudi, ukajikunja, kama umeshonwa na mtu anayekimbizwa.

Mshono ule aliushona yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili.

Lilikuwa koti la mama yake. Mama yake, fundi cherehani anayefumua gauni la mteja mara tatu kwa ajili ya upindo uliopotoka kidogo, alikuwa ametembea na mshono ule mbovu miaka yote hiyo bila kuugusa.

Mtaniuliza, mtu anayeitwa Dada Mikono anashindwaje kuijua mikono ya mama yake? Nilijiuliza hata mimi. Jibu lake linauma. Tangu azaliwe, hajawahi kuiona imepumzika.

“Naona umeelewa,” Baba Mkubwa alisema. “Ndugu yangu yuko kaburini mwaka wa nne. Na kamera yake, kamera ya ndugu yangu, inamtangaza mjane wake barabarani kashika goti la mwanamume!”

“Baba Mkubwa, hakuna sura pale. Hakuna aliyemjua.”

“Mimi nimemjua. Mama yako mkubwa amemjua. Ambaye hukumjua ni wewe.”

Hapo alimgonga pabaya.

“Sasa nisikilize,” aliendelea. “Jumamosi una maonyesho yako. Ufunguo wa ukumbi uko kwa nani?”

“Kwako.”

“Vizuri. Mimi nataka negativu, ule mkanda wenyewe wa picha. Niikate hapa hapa, vipande vipande, kwa mkono wangu. Halafu mama yako aje nyumbani, akae mbele ya ukoo, aseme kwa kinywa chake kwamba jambo hili limekwisha. Mkifanya hivyo, nakupa ufunguo. Mkikataa, wewe huna ukumbi na yeye hana ndugu.”

Miaka miwili Dada Mikono alikuwa ameusubiri ukumbi ule. Picha arobaini na moja, sahihi themanini na mbili, zilikuwa ndani ya sanduku chini ya meza.

“Negativu iko chumba cha giza,” alisema. “Kuna karatasi ziko kwenye dawa humo ndani. Nikifungua mlango sasa hivi, mwanga unaingia, picha za pasipoti za nusu ya mtaa zinaharibika.”

Uongo mtupu! Chumba cha giza kilikuwa hakina kitu, na taa ya kawaida imewaka.

Baba Mkubwa akasita. “Na zangu zimo?”

“Zako ziko juu kabisa.”

Baba Mkubwa ni mtu wa msimamo, lakini alipiga picha zile akiwa amevaa tai.

“Saa kumi kamili,” alisema, akaitia picha mfukoni. “Nakuja na mama yako mkubwa awe shahidi. Mkasi nauacha. Uzoeane nao.”

* * *

Duka la mama yake liko nyumba ya nne kutoka studio. Ni chumba chembamba. Cherehani mlangoni kufuata mwanga, na magauni yametundikwa hadi darini. Dada Mikono aliingia anahema, bahasha ya negativu kifuani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona mbio, umefukuzwa?”

“Mama, Jumanne saa sita mchana ulikuwa wapi?”

Mguu wa mama ukasimama kwenye cherehani.

“Siku hizi tunaulizana hivyo?”

“Ulikuwa benchi la posta.”

“Benchi la posta ni la watu wote. Nani kakwambia?”

“Nimewapiga picha mwenyewe. Sikujua ni wewe.”

Akampa negativu. Mama akainua ule mkanda kwenye taa. Akausogeza karibu. Akaupeleka mbali. Akaugeuza juu chini.

“Humu mna watu?” aliuliza.

“Mama, si huyo hapo! Huoni?”

Mama akaupeleka mbali tena. Hapo Dada Mikono akaona kitu ambacho amekipita kila siku bila kukitazama. Ukutani kilikuwepo kipande cha sponji, na kwenye sponji sindano tatu, kila moja na uzi wake tayari.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Mwaka juzi. Kitambaa nakiona, mstari nauona. Tundu la sindano ndilo limenikimbia. Kila siku mchana ananitilia saba. Zikiisha, siku yangu imeisha.”

“Na mimi hukuniambia!”

“Nikwambie wewe? Ungenifungia cherehani siku hiyohiyo, unipeleke nikakae kwenye kochi nizeeke vizuri.”

Kweli angefanya hivyo. Tena angeona ametenda wema.

“Ni nani huyo anayekutilia?”

“Mwite. Yuko hapo nje.”

Pale nje ya mlango, kwenye kimeza chenye kioo, palikuwa na mtu mmoja tu. Fundi Saa! Mfupi, mpole, kipara kinang’aa, lenzi ya kazi imefungwa kwenye paji la uso. Naye alifiwa na mkewe zamani. Miaka mitano Dada Mikono amekuwa akimsalimia bila kumfikiria.

Fundi Saa akaingia, akapokea negativu kwa ncha za vidole, akashusha lenzi jichoni.

“Ni sisi,” alisema. “Goti langu limetoka vizuri.”

“Na mimi nimetokaje?” mama akauliza.

“Mkono wako upo. Sindano zipo, hata uzi unaonekana.” Akausogeza mkanda kidogo. “Vichwa ndivyo hakuna.”

“Hakuna vipi?”

“Picha imeishia shingoni.”

Mama akamgeukia binti yake taratibu. “Umetukata vichwa?”

“Mama, hivyo ndivyo ninavyofanya kazi. Ni heshima. Sitaki kumtia mtu aibu.”

“Aibu ipi?” Mama akasimama, tepu ya kupimia ikining’inia shingoni. “Nimekaa mchana kweupe, mbele ya posta, na mtu ninayempenda. Sikujifunika kitu. Wewe ndiye umenifunika! Mtu akiona mwanamke hana kichwa kashika goti la mwanamume asiye na kichwa, atasema nini? Atasema hao wanaiba.”

Utaratibu ule ndio uliompa Dada Mikono jina mjini. Watu walimsifu kwa huo. Leo mama yake alikuwa ameufumua kwa pumzi moja, na alichobaki nacho ni uchungu na haya.

Akaeleza yote. Mkasi, saa kumi, ukumbi, ukoo.

“Niseme limekwisha?” mama aliuliza. “Mbele ya ukoo?”

Fundi Saa akakohoa. “Kama kwako ni bora liishe, mimi sitakulaumu. Sitaki uchukiwe na ndugu kwa ajili yangu.”

“Wewe tia uzi, acha maneno.”

Fundi Saa akatia uzi. Lakini mama alikuwa amekunja uso, na binti yake akaona kwamba mama anaogopa. Kumbe hofu yenyewe haikuwa kule alikodhani.

“Kinachonikata maini si shemeji,” mama alisema. “Ni wateja. Siku wakijua fundi wao hawezi kutia uzi, nani ataniletea gauni la harusi? Hii cherehani ndiyo mimi. Sina mimi nyingine.”

“Basi tuikate hiyo picha, mama. Iishe. Ukumbi nitauacha, ila nawe usiende kwa ukoo.”

Mama aliketi, akashona mshono mmoja mrefu. Halafu akachukua koti lake, lile lenye kiwiko kibovu.

“Negativu mpe,” alisema.

“Mama!”

“Mpe aikate. Picha isiyo na kichwa changu hata mimi siitaki. Benchi unalo hapo studio?”

“Lipo.”

“Litoe nje.”

* * *

Saa kumi kamili. Baba Mkubwa alitokea kwenye kona, mkewe nyuma yake hatua kumi, kama kawaida yao. Mbele ya studio palikuwa na foleni ya watu wa pasipoti, na katikati ya njia ya waenda kwa miguu benchi, ambalo kila mtu alilizunguka bila kuuliza.

“Picha zako zimekauka, Baba Mkubwa,” Dada Mikono alisema, akampa. Sura nne, tai nne, na hakuna hata moja iliyotabasamu.

“Na ile nyingine?”

Akampa bahasha. Akampa na mkasi.

Baba Mkubwa alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Akatoa negativu, akaitazama kwenye jua ahakikishe, akakata. Akakata tena. Vipande vyeusi vikadondoka juu ya viatu vyake vilivyong’arishwa.

“Mtoto mwenye adabu,” alisema, kifua kimejaa. Akatoa ufunguo wa ukumbi, akauweka kwenye kiganja cha binti. “Mama yako yuko wapi?”

“Niko hapa, shemeji.”

Mama alikuwa anakuja kutoka dukani kwake, koti limefungwa vifungo vyote. Kando yake, bega kwa bega, Fundi Saa, sindano saba kwenye ukosi.

“Umemaliza kukata?” mama aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Ahsante. Ilikuwa mbaya.”

Akakaa kwenye benchi. Fundi Saa akakaa kando yake. Mama akaomba kalamu, na juu ya ile bahasha tupu aliyoitupa shemeji wakatia sahihi mbili, picha yenyewe ikiwa haijapigwa. Tangu studio ifunguliwe jambo hilo halijatokea. Halafu mama akaweka mkono wake juu ya goti la Fundi Saa, mbele ya foleni nzima.

“Haya, mwanangu. Lete kamera. Na leo nataka kichwa changu.”

“Wewe mwanamke!” Baba Mkubwa alifoka. “Unamdhalilisha ndugu yangu!”

“Ndugu yako nilimuuguza kwa mikono hii. Nilimgeuza kitandani kwa mikono hii. Siku ya kumzika nililia kwenye barabara hii hii, nikagaagaa, na hakuna aliyeniambia nifiche sura. Nililia hadharani mkaniita mke mwema. Leo nacheka hadharani, mnaniletea mkasi?”

Kisha mwanamke mmoja katikati yake, mteja wa siku nyingi, akashindwa kujizuia.

“Fundi, samahani. Hizo sindano... ina maana wewe macho yako...?”

Ndilo swali lile!

“Tundu la sindano silioni,” mama alijibu, sauti haitetemeki. “Mengine yote nayaona, pamoja na wewe kwamba umenenepa tangu nikupime. Ananitilia uzi huyu. Kushona nashona mwenyewe. Kama una gauni unataka kuliondoa kwangu, nenda kalichukue, mlango uko wazi.”

Mteja akajitazama kiunoni. “Nitalifuata Ijumaa,” alisema. “Uniachie nafasi kidogo ubavuni.”

Watu wakacheka, na mama akacheka. Hapo Dada Mikono alikuwa ameshaweka jicho kwenye kamera. Zilibaki picha mbili kwenye mkanda. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii ya mitaani hakushusha lenzi. Aliipandisha, ikapita goti, ikapita sindano, ikafika kwenye sura ya mama yake, sura ya mwanamke anayependwa na anayejua. Miaka yote amewakata watu vichwa akijiambia anawalinda. Kumbe mwoga alikuwa yeye.

Akabonyeza.

“Nirudishie ufunguo wangu!” Baba Mkubwa alisema.

“Huu hapa.” Alikuwa ameshautoa kabla hajaombwa. “Picha hizi nilizitoa barabarani, Baba Mkubwa. Zitakaa barabarani.”

Mama alikuwa tayari na kidonge cha uzi mnene wa kushonea maturubai mfukoni. Fundi Saa akafunga ncha moja kwenye mlango wa duka la mama, nyingine kwenye mlango wa studio, na foleni ya pasipoti, bila kuambiwa na mtu, ikaanza kupitisha picha kutoka kwenye sanduku mkono kwa mkono na kuzibana kwa pini za fundi. Benki, foleni ya umeme, mwavuli, bega lililolowa. Arobaini na moja, juu ya vichwa vya wapita njia.

“Twende,” Baba Mkubwa alimwambia mkewe. Akageuka, akapiga hatua kumi, kama kawaida.

Hakusikia viatu nyuma yake.

Mama Mkubwa, shahidi aliyeletwa kushuhudia aibu, alikuwa amesimama chini ya ule uzi, anatazama picha ya mume anayemfunga mkewe kamba ya kiatu. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye benchi, ambalo sasa lilikuwa wazi, akakaa, mkoba wake mapajani.

“Kamera hiyo imebakiza picha ngapi?” aliuliza.

“Moja tu, Mama Mkubwa.”

“Nipe kalamu.”

Akaigeuza ile bahasha upande wa pili, akatia sahihi yake polepole, herufi kubwa, kama mtu anayesaini kitu alichokisubiri. Kando yake akaacha nafasi.

“Unafanya nini?” Baba Mkubwa aliuliza kutoka mbali.

“Miaka thelathini na minane,” Mama Mkubwa alisema. Hakupaza sauti, lakini mtaa wote ulimsikia. “Nimekuzalia, nimekuuguza, nimekufulia hiyo tai. Barabarani unatangulia, mimi nafuata nyuma kama mzigo wako. Nyumbani sikudai kitu. Leo nadai. Siyo ndani, siyo kesho. Hapa, watu wakiona. Njoo ukae, unishike mkono.”

Akaweka kalamu kwenye nafasi iliyobaki ya benchi, akanyoosha mkono wake hewani.

Dada Mikono akainua kamera. Ndani ya kioo chake kidogo alimwona mama yake mkubwa upande wa kulia, kichwa na vyote, na upande wa kushoto pengo. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Mama na Fundi Saa walisimama mlangoni, wameshikana.

Baba Mkubwa alirudi hatua tisa. Akabakiza moja. Alitazama kalamu. Alitazama mkono wa mkewe, ambao ulikuwa umeanza kuchoka, lakini haukushuka.

Halafu akatazama mkono wake mwenyewe, na ndipo alipogundua kwamba bado ameushika mkasi.